Miche Iliyong'olewa Chemchemini

Mara ya kwanza miche ilipong'olewa, mwenyekiti wetu alisema ni mbuzi. Nilidhani anatania. Kwetu mlimani nani anaachia mbuzi atembee? Mbuzi na ng'ombe wanafungwa bandani mwaka mzima, na majani wanaletewa na akina mama, kichwani. Tena mbuzi angekula majani akaacha kijiti. Hii miche ilikuwa imevutwa na mizizi yake yote, ikalazwa kila mmoja kando ya shimo lake, na mtu ambaye hakuwa na haraka yoyote.

Kuanzia siku ile nilianza kuwatazama wenzangu wa kikundi mmoja mmoja.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa imeanguka, na watu wanang'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao ili wapande nyanya. Wanaume waliokuwa na kazi viwandani Moshi mjini walikuwa wamepunguzwa, wamerudi nyumbani kukaa. Wanawake walikuwa wanashuka Himo na ndizi, wanapanda na mitumba. Kila mtu alikuwa anatafuta kitu cha kuuza, na kilichokuwa karibu kuliko vyote ni msitu. Mfereji uliopita nyuma ya shule yetu, ambao wazee walisema haujawahi kukauka, ukaanza kukauka kila kiangazi.

Ndipo tangazo likasomwa kanisani, baada ya ibada, kabla ya mnada wa ndizi na mayai. Anayetaka kuhifadhi vyanzo vya maji abaki. Tulibaki kumi na wawili. Mwenyekiti akawa bwana miti mstaafu, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, aliyesema nasi kana kwamba bado yuko kazini na sisi ni vibarua wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Old Moshi. Mume wangu alikuwa na kazi Arusha, akija mwisho wa mwezi, na mimi niliishi na mama yake katika kihamba chao cha migomba na kahawa, na ng'ombe wawili. Niseme ukweli, sikujiunga kwa ajili ya maji. Mke wa mtu akiishi na mama mkwe hana sababu ya kutoka Jumamosi asubuhi na kurudi jioni bila mzigo kichwani. Kikundi kilinipa sababu.

Aliyebaki pia siku ile, benchi la nyuma kabisa, alikuwa mpasua mbao. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, bega moja limeshuka kuliko jingine kwa kuvuta msumeno. Kila mtu alijua kwamba amepasua miti ya kafuri huko juu bila kibali na kwamba aliwahi kufungwa kwa ajili hiyo. Mwenyekiti alimwuliza mbele ya wote, "Na wewe umefuata nini hapa?"

"Nimefuata miti," alisema.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilijiambia, huyu anasema kweli kabisa, na hakuna anayemsikia.

Matembezi yetu yalikuwa ya kila Jumamosi ya pili. Mara nyingi tulipanda hadi nusu maili, ule ukanda wa msitu ambao wanakijiji waliruhusiwa kuokota kuni, tukaokota miche iliyojiotea chini ya miti mikubwa na kuihamishia kwenye viriba vya plastiki. Tulibeba kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye majani ya mgomba na chai kwenye chupa, tukala tumekaa juu ya magogo yenye ukungu. Nilizipenda sana zile Jumamosi. Nilijifunza kutembea kimya na kusikia mbega kabla sijawaona. Lakini kila tulipofika juu, mpasua mbao alitoweka. Tukiwa tumeinama tunachimbua miche, unageuka, hayupo. Anarudi baada ya saa nzima bila kuni wala miche, anakaa kula. Siku moja alinipa kikombe cha chai, na mkono wake ulikuwa unanuka kafuri. Harufu ile huwezi kuikosea. Ni kali, inapanda puani. Nilipokea kikombe nikanywa, nikitafuta machoni pake alikokuwa.

Mara moja tulishuka hadi msitu wa Rau, chini kule kwenye joto, kuokota mbegu za mvule. Nusu yetu hatukuwa tumewahi kuona mvule wa ukubwa ule. Tulisimama tukautazama hadi shingo zikauma, na mwenyekiti akaanza kutueleza habari za mizizi na maji. Mpasua mbao hakusikiliza. Aliuzunguka mti polepole, mkono umegusa gome, kisha akasimama kando yangu.

"Huyu," alisema kwa sauti ya chini, "angetoa milango ya kanisa zima na mabenchi yake."

"Umekuja kumpasua?" nilimwuliza.

"Nimesema angetoa," alijibu, akaondoka.

Basi miche ilipong'olewa mara ya kwanza, nikiwatazama wenzangu mmoja mmoja, jina lilinijia upesi. Ilikuwa ni miringaringa na mikuyu, miche yetu bora, tuliyoipanda kuizunguka chemchemi iliyo bondeni chini ya kihamba chetu, ile inayolisha mfereji. Tuliipanda tena. Siku ya nne nilipita kabla ya shule nikaikuta imelazwa vilevile, safi, na kwenye tope palikuwa na nyayo za katambuga, vile viatu vya matairi. Mpasua mbao alivaa katambuga.

Nilimpelekea mwenyekiti habari. Akakuna kidevu. "Mwalimu, nusu ya kijiji inavaa katambuga."

"Lakini nusu ya kijiji haikufungwa kwa kukata miti."

Hakujibu, nami nikachukua kimya chake kuwa kibali.

Siku zile kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikulitilia maanani inavyostahili. Mwenyekiti alikuja chemchemini na mgeni, mwanamume mwenye viatu visafi na gari aliloliacha barabarani. Mgeni alichota maji kwenye chupa tatu, akazifunga vizuri, akaandika kwenye daftari. Tulipouliza, mwenyekiti alisema, "Ni mtaalamu." Neno hilo lilitutosha. Mama mkwe wangu alikuwa anakata majani pale karibu, amejikunja kwenye nyasi, na hakuna aliyemtambulisha kwa mgeni wala kumwuliza chochote.

Mkutano uliofuata, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, nilisimama. Mpaka leo nakumbuka jinsi nilivyojisikia hodari. Nilisema kwamba kuna mtu kati yetu anayepanda na sisi Jumamosi na kung'oa katikati ya juma. Kwamba mtu huyo anataka kikundi kife ili msitu ubaki bila macho. Kwamba anatoweka kila tukifika juu na kurudi mikono inanuka kafuri. Sikumtaja. Haikuhitajika, maana wote walikwishageuka kutazama benchi la nyuma.

Mpasua mbao aliinua kichwa. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Umeniona naing'oa?"

"Nimeona nyayo."

"Mimi hujaniona."

"Basi wewe sema, ni nani aliyeing'oa?"

Alifungua mdomo. Naapa alikuwa anataka kusema. Aliniangalia, akamwangalia mwenyekiti, akaniangalia tena, kisha akaufunga. Akachukua kofia yake kwenye benchi. "Pandeni salama," alisema, akatoka. Kwangu ile ilikuwa ni kukiri. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu akasema, "Mungu mkubwa," na watu wakapumua.

Lakini sikutulia. Niliamini atarudi kulipiza kisasi, na safari hii nilitaka ushahidi. Tulipopanda mara ya tatu, nilimwomba mwenyekiti tubaki sisi wawili baada ya wengine kuondoka. Nilikuwa na uzi mwekundu wa sufu, uliobaki nilipofuma sweta. Nikafunga kipande kwenye kila mche, chini karibu na udongo, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kuinama. Nilifikiri sasa, kwa hasira, hataiacha pale bali ataibeba akauze. Siku tutakayoukuta uzi ule kwake au sokoni, mambo yatakwisha. Mwenyekiti alisema sina tofauti na polisi. Nililichukua kuwa sifa.

Baada ya wiki mbili na kitu miche ikaondoka. Safari hii haikulazwa. Ilikuwa haipo kabisa, na mashimo yamefukiwa yakakanyagwa. Niliomba ruhusa ya mwalimu mkuu, nikasingizia kuumwa na jino, nikaenda nyumbani nibadilishe viatu niende kwa mpasua mbao nikachungulie ua wake. Nyumbani hapakuwa na mtu. Ng'ombe walikuwa wanalia, na kwa mazoea tu nikaingia bandani kuwasogezea majani kwenye hori.

Katikati ya majani, kwenye mkono wangu mwenyewe, nikaona uzi mwekundu.

Nilivuta. Ukaja na kijiti cha mringaringa, kimetafunwa juu. Nikachakura nikapata mwingine, na mwingine. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuzi zimejaa kiganjani, nikatafuta njia yoyote ya kuamini kwamba mpasua mbao ameziweka pale. Nilitafuta kweli. Kwamba alipita alfajiri, kwamba alijua nimeweka uzi, kwamba alitaka kunigombanisha na watu wa nyumbani. Kichwa changu kilikuwa tayari kukubali chochote isipokuwa kilichokuwa mbele yangu.

Mama mkwe alirudi na mzigo wa majani. Aliutua, akajinyoosha kiuno, akaniona.

"Shule imefungwa?" aliuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nakuuliza, shule imefungwa?"

Nilifungua kiganja. Alizitazama nyuzi, kisha akaanza kufungua kamba ya mzigo wake kana kwamba nimemwonyesha vifungo vya shati.

"Ni wewe mama uliyeing'oa?"

"Niling'oa."

"Yote? Mara tatu?"

"Mara mbili niliwaachia hapo hapo mwone. Nilidhani mtaelewa. Mkaja tena. Safari hii nikawapa ng'ombe."

"Lakini mama, ni miti ya maji! Chemchemi inakauka!"

Alikaa kwenye jiwe la mlangoni. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili alikisema polepole, akikipitisha kwanza kwenye Kichagga. "Mimi nimekata majani pale tangu nilipoolewa," alisema. "Kipande kile ni cha akina mama. Hakina karatasi. Mtu akipanda mti wa kudumu kwenye ardhi, ardhi ni ya nani?"

Nilijua jibu. Kwetu kila mtu analijua. Ardhi ni ya aliyepanda.

"Baba yangu alikuwa na shamba huko chini tambarare," aliendelea. "Wakaja watu na miche. Walikuwa na maneno mazuri, kama ninyi. Baba yangu aliwasaidia kuchimba mashimo. Miti ilipofika magotini wakaweka waya. Mpaka anakufa hakuingia tena." Akanyoosha kidole bondeni. "Yule mwanamume wa chupa ni nani?"

"Mtaalamu."

"Wa nini?"

Nilikuwa nimemchunguza mpasua mbao miezi mitatu, viatu vyake, mikono yake, hata alivyokunywa chai, na nilikuwa sijamuuliza mwenyekiti swali hata moja la pili.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku iliyofuata. Alikuwa barazani anasoma gazeti. Alisema, "Mwalimu, wewe fundisha watoto, mambo ya maji tuachie sisi." Nilisema sitoki. Nilikaa. Mke wake akaniletea maziwa, nikayanywa, nikabaki nimekaa. Mwishowe akalikunja gazeti. Yule mgeni, alisema, alikuwa anatafuta chemchemi kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mpango wa kiwanda cha maji ya chupa. Mwekezaji. Yeye alimwonyesha tu, hakuna aliyesaini kitu. Na mgeni alishatuma ujumbe kwamba maji yetu ni machache, hayafai biashara.

"Na kama yangekuwa mengi?"

"Tungeitisha mkutano."

Alisema hivyo akitazama gazeti, si mimi.

Kwa mpasua mbao nilikwenda na jani la sale, kama inavyofanywa kwetu mtu akimkosea mwenzake. Jani la sale likiletwa, ni vigumu kukataa msamaha. Nilimkuta anapiga tupa msumeno. Aliliona jani mkononi mwangu kabla sijasalimia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeshajua."

"Mzee ulikuwa unajua?"

"Nilimwona mara ya kwanza. Nilikuwa natoka juu alfajiri, yeye ameinama pale anang'oa, anaongea peke yake. Nikapita mbali asinione."

"Kwa nini hukusema? Nilikuuliza mbele ya watu!"

Aliweka tupa chini. "Ningesema ni mama mkwe wako, wewe jioni ile ungerudi wapi? Na yeye je? Mama mzima, kila Jumapili anakaa kanisani na hao watu."

Nilimwuliza tu lile lililokuwa limenikaa: alikuwa anakwenda wapi tukifika juu?

"Kafuri ukiukata haufi," alisema. "Unachipua kwenye mizizi, mbali kidogo na kisiki. Nimekata mingi. Najua kila kisiki kilipo. Naenda kufyekea machipukizi yapate jua." Akachukua tena tupa. "Kazi ile huwezi kuifanya na watu kumi na wawili wanaopiga kelele."

Nilimnyooshea jani. Hakulipokea kwa mkono. Alinionyesha meza iliyokuwa mlangoni, nikaliweka pale.

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza tena.

Mkutanoni nilisimama mara ya pili. Safari hii sikujisikia hodari. Nilisema nilimsingizia mtu asiye na kosa, kwamba nimehakikisha si yeye, na kwamba nimemwomba radhi. Kisha nikamwomba mwenyekiti awaeleze wanachama habari za mgeni wa chupa. Alieleza kwa kifupi, akikohoa katikati, na watu wawili watatu wakaanza kunong'onezana. Lakini mwanamke yule aliyesema Mungu mkubwa hakuachia.

"Kama si yeye, ni nani?"

Nikataka kukaa.

"Mwalimu, umesema umehakikisha. Umehakikisha vipi kama hujui aliyefanya?"

"Siwezi kusema."

Nikaona macho yanavyogeuka. Nilikuwa nimewahi kuyaona yakigeuka hivyo kwenda benchi la nyuma, nikafurahi. Sasa yalikuja kwangu. Kihamba chetu ndicho kilichokuwa juu ya chemchemi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukuta miche imeng'olewa, kila mara. Mimi ndiye niliyekazana kumtaja mwingine. Hata mimi, kama ningekuwa nimekaa pale kwao, ningejishuku. Wiki zile, nikipita sokoni, mazungumzo yalikatika. Mzazi mmoja alinisalimia na kuniuliza kama miti inaendelea vizuri, akicheka kwa pua. Sikuwaambia chochote. Nyumbani pia sikumwambia mama mkwe, lakini kanisani kuna masikio mengi.

Jumamosi ya kupanda mara ya nne tulikuwa saba tu. Tulipoteremka bondeni, tulimkuta mama mkwe amesimama chemchemini, kanga imefungwa kiunoni imara, panga mkononi. Miguuni alivaa katambuga za marehemu mume wake. Mwenyekiti akavua kofia.

"Shikamoo mama," tulisema.

"Marahaba." Akatembea kando ya maji, akichora mstari kwenye udongo kwa ncha ya panga, kutoka mwamba hadi kwenye mkuyu wa zamani. "Upande huu, juu, pandeni. Upande huu ni majani ya akina mama. Hapa mkipanda nitang'oa tena."

Lile neno "tena" alilitamka kwa sauti ileile aliyotamkia mengine yote, akaliacha hapo mbele ya watu sita na mkwe wake. Yule mwanamke wa Mungu mkubwa alinitazama, kisha akatazama chini. Mwenyekiti alisema, "Sawa mama," na tukaanza kuchimba, upande wa juu peke yake.

Mama mkwe hakuondoka. Alikaa kwenye mwamba akatuhesabia mashimo. Tulipomaliza alimwita mwenyekiti, akamwambia mgeni yeyote mwenye chupa akija, aletwe kwanza nyumbani kwake anywe chai. Mwenyekiti aliahidi. Sikumwamini, na nilimwona mama mkwe naye hakumwamini, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe tulitazamana, yeye na mimi, tukaelewana bila neno.

Miti ya upande wa juu ilishika. Mpasua mbao hakurudi kikundini, ingawa tulimtumia watu mara mbili. Nilikutana naye njiani mara nyingi, akiteremka kutoka nusu maili na panga lake la kufyekea. Nilimwamkia, naye aliitikia vizuri, akauliza habari za shule na za mama. Kisha alinipisha njia, kwa adabu kubwa, kama mtu anavyompisha mgeni.